Chozi Lako Lina Mwenyewe

Wajukuu zangu, naogopa jinsi mnavyolia.

Sisemi msilie. Mtu anayetazama mchezo mzuri macho makavu mwanzo mpaka mwisho, huyo namtilia wasiwasi zaidi. Ninachoogopa ni yule mnayemlilia. Mhusika mwovu anatesa watu msimu mzima. Anavunja ndoa za watu, anawatia jela wasio na hatia, anamtoa mama yake nje mvua inanyesha, nanyi mnamlaani, na mna haki ya kumlaani. Halafu vipindi vinakaribia kwisha. Anapigwa risasi, au anapatwa na maradhi. Kamera inamsogelea usoni, muziki wa huzuni unaanza taratibu, naye kwa sauti ya kukatika anasema: nisameheni. Hapo sebule nzima inanyamaza. Mnafuta macho kwa ncha za kanga. "Maskini," mnasema, "kumbe alikuwa na moyo."

Na yule mama aliyetolewa nje kwenye mvua, tangu kipindi kile hakuna aliyeuliza alilala wapi.

Niacheni niseme. Mimi ni babu yenu, na jambo hili nimeliona likitoka kwenye luninga likaingia ndani ya nyumba za watu. Chozi lako lina mwenyewe, mjukuu wangu. Wa kwanza mwenye haki nalo ni aliyeumizwa. Aliyeumiza, hata akijuta, akae nyuma yake angoje.

Nitawaonyesha kwa tamthilia ya zamani sana, ya Mwingereza William Shakespeare. Inaitwa King Lear. Ilichezwa mbele ya Mfalme James ikulu ya Whitehall, London, tarehe 26 Desemba 1606. Nimeichagua hiyo kwa sababu aliyeiandika alimweka mtu katili jukwaani, akampa majuto ya kweli dakika za mwisho, kisha akakataa kutudanganya kuhusu thamani ya majuto hayo.

Mfalme Lear, mzee mwenye kiburi, anawagawia ufalme mabinti zake wawili wanaojua kupamba maneno, Goneril na Regan, na kumfukuza wa tatu, Cordelia, kwa kuwa alikataa kumsifu kwa uongo. Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza. Nyumba ya pili ni ya bwana mkubwa mmoja, Gloucester, mwenye wana wawili wa kiume. Edgar ni wa ndoa. Edmund ni wa nje ya ndoa, na ndiye mtu wetu leo.

Edmund ameumizwa, tusilifiche hilo. Mwanzoni kabisa mwa mchezo, baba yake anamtambulisha kwa bwana mwingine, Kent, huku akicheka na kutania jinsi alivyompata kwa mama yake, na kijana mwenyewe amesimama palepale, anasikia kila neno. Mzazi asimfanyie mtoto hivyo. Ukimwonea huruma hapo, mjukuu wangu, nami niko pamoja nawe.

Lakini tazama anachofanya na maumivu yake. Anaghushi barua ionekane kaka yake anapanga kumuua baba yao. Edgar anakimbia, anavua nguo, anajipaka uchafu, anajifanya kichaa wa njiani ili wasimtambue wanaomtafuta wamuue. Kisha baba yao anapomwambia Edmund kwa siri kwamba ataenda kumsaidia mfalme mzee, aliyetupwa nje kwenye dhoruba na mabinti aliowagawia ufalme, Edmund anaichukua siri hiyo na kuipeleka kwa mtawala Cornwall, mume wa Regan. Malipo yake ni cheo cha baba yake, baba akiwa bado hai.

Yanayofuata yanatisha, lakini sikilizeni. Gloucester anafungwa kwenye kiti ndani ya nyumba yake mwenyewe, na wageni aliowakaribisha. Wanamng'oa ndevu. Wanamtoboa macho. Na kabla hawajaanza, Cornwall anamwambia Edmund aondoke, eti si vizuri mtoto ashuhudie atakalofanyiwa baba yake.

Na Edmund anaondoka. Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Aliuza, akapokea malipo, akaondolewa asione bidhaa inavyochinjwa. Watu wakatili wengi ndivyo walivyo, wanangu. Hawaishi na kilio cha waliowaumiza, kwa sababu wanahakikisha wakati wa kilio wako chumba kingine. Ndiyo maana siku wakija kulia wenyewe, machozi yao ni mengi na mapya. Walioumizwa walishakaukiwa zamani.

Sasa mtazameni mtu mwingine ndani ya chumba kile. Hana jina. Katika mchezo wote anaitwa mtumishi tu. Amemtumikia Cornwall tangu utotoni. Anapoona jicho la kwanza limetobolewa, hawezi tena. Anamwambia bwana wake aache, na kwamba hajawahi kumtumikia vizuri kuliko anavyomtumikia sasa kwa kumwambia aache. Anachomoa upanga dhidi ya mtu anayemlisha. Anamjeruhi Cornwall, na jeraha hilo ndilo linalomuua baadaye. Regan anachukua upanga wa mtu mwingine, anamchoma mtumishi yule kwa nyuma. Anakufa sakafuni, na Cornwall anaagiza maiti yake ikatupwe jaani.

Wajukuu zangu, nawaomba, mfikirieni mtu huyo. Hakungoja kufa ndipo awe mwema. Alikuwa mzima, ana kazi, ana bwana mwenye nguvu, na alikuwa na kila sababu ya kutazama ukutani. Wema wake ulikuja kwa wakati, tena ulimgharimu roho. Watazamaji wanapotoka wanamzungumzia Edmund. Hakuna anayemzungumzia yeye.

Kuna na watumishi wengine wawili waliobaki pale. Katika chapa ya kwanza ya mchezo huu, ya mwaka 1608, wanabaki nyuma baada ya mabwana kutoka, na mmoja anasema ataleta kitani na ute wa mayai ampake mzee usoni panapovuja damu. Katika kitabu kikubwa cha tamthilia za Shakespeare kilichochapwa mwaka 1623, maneno hayo hayamo. Ute wa mayai! Kitu cha jikoni, kitu cha mtu asiye na dawa nyingine. Mimi kila nikifika hapo moyo wangu unajaa. Hapo ndipo nataka chozi lenu lianguke, kwenye kitambaa kile cha kitani.

Twendeni mwisho sasa.

Cordelia amerudi kumtetea baba yake, na vita vimepiganwa. Lear na Cordelia wamekamatwa. Edmund anamwita afisa mmoja, anampa karatasi na ahadi ya cheo. Kwenye karatasi ile kuna amri ya kumnyonga Cordelia gerezani, na mpango ni kwamba ionekane amejiua mwenyewe kwa kukata tamaa. Kwa hiyo si roho yake tu inayochukuliwa, na jina lake pia litachafuliwa akiwa amekufa. Afisa anakubali. Anakwenda.

Kisha Edgar anatokea akiwa amefunika uso, wanapigana, na Edmund anaanguka. Anajua anakufa. Anakiri kwamba aliyoshutumiwa aliyafanya, na zaidi ya hayo. Anamwambia aliyemuua kwamba kama ni mtu wa ukoo bora, anamsamehe. Mmesikia? Yeye ndiye anayetangulia kutoa msamaha.

Edgar anafunua uso na kusimulia jinsi alivyomwongoza baba yao kipofu njiani, akamwombea chakula, akamzuia asikate tamaa, na jinsi mzee alivyokufa moyo ukiwa umejaa furaha na huzuni kwa pamoja alipojua kwamba aliyemshika mkono ni mwanawe. Edmund anasikiliza. Anasema maneno yale yamemgusa, na huenda yakaleta heri. Na anamwambia nduguye aendelee kusema.

Aendelee kusema! Wanangu, wakati huohuo kamba inafungwa.

Amri iko kwa afisa. Afisa yuko njiani, au ameshafika. Edmund peke yake ndiye anayejua. Moyo wake umeshaguswa, amesema mwenyewe. Na bado ananyamaza. Edgar anasimulia habari nyingine. Anaingia mtu mbio na kisu chenye damu, anasema Goneril amemtilia sumu dada yake Regan na kisha amejichoma. Anaingia mzee Kent, anamuulizia mfalme. Wote wanashtuka kwamba walisahau jambo kubwa, wanamuuliza Edmund moja kwa moja mfalme na Cordelia wako wapi. Maiti za dada wawili zinaletwa, na Edmund anaziangalia na kujifariji kwamba hata hivyo yeye alipendwa, kwa sababu wote wawili walikuwa wakimtaka. Hapo ndipo anaposema kwamba anataka kutenda jema moja, japo si tabia yake. Anataja amri. Anatoa upanga wake uwe ishara ya kusitisha. Mtu anakimbia.

Mlango unafunguka, na mzee Lear anaingia amembeba binti yake mikononi, amekufa.

Lear anasema amemuua mtumwa aliyekuwa akimnyonga. Maana yake alimkuta akiwa kazini. Muda uliopotea ulikuwa mfupi hivyo, kutoka moyo kuguswa hadi kinywa kufunguka. Angelitaja pale alipoguswa, angeliokoa mtu.

Majuto ya jioni hayapiki chakula cha mchana.

Watu hawakuweza kuvumilia mwisho huo. Mwaka 1681 mwandishi Nahum Tate aliuandika upya mchezo, Cordelia anaokoka na kuolewa na Edgar, na mchezo huo uliotengenezwa ndio uliotawala majukwaa ya Uingereza kwa zaidi ya karne moja. William Macready aliurudisha mchezo wa Shakespeare jukwaani mwaka 1838. Nawaelewa waliopenda ule wa Tate. Binadamu anatamani mema yawahi. Lakini mwisho mtamu hivyo unamfundisha mtazamaji kwamba daima kutakuwa na mtu wa kukimbia na upanga akafika. Shakespeare alikuwa mkweli zaidi kwetu.

Mtaniuliza, babu, kwa nini basi tunalia? Kwa nini Edmund anatuvuta hivyo, na mtumishi yule hatumkumbuki?

Nitawaambia. Tangu mwanzo Edmund anasimama peke yake jukwaani akizungumza nasi. Anatuambia uchungu wake, anatuambia mipango yake, anatufanya wasiri wake. Tunakaa ndani ya kichwa chake saa nzima. Mtumishi amepewa maneno machache, akachomwa upanga. Cordelia mwenyewe ana maneno machache kuliko watesi wake. Huruma yetu humfuata aliyepewa muda wa kusema, na katika hadithi nyingi anayepewa muda huo ni mwovu, kwa sababu mwovu ndiye anayesogeza mambo. Aliyeumia hana nafasi ya kupanga maneno.

Kamera za siku hizi zimezidisha. Uso wa katili unaletwa karibu mpaka unaona unyevu kwenye kope zake. Uso wa aliyeumizwa unaonyeshwa kwa mbali, nyuma, ukiwa na ukungu. Basi usifikiri ni moyo wako mwema tu uliolia. Umeongozwa kwa mkono. Jifunze kuuliza nani hayupo kwenye picha.

Haya ni ya jukwaani. Sasa niwaambie yalivyo kwetu, kwa sababu hili ndilo linalonifanya niwasemeshe.

Nimekaa kwenye vikao vya wazee vya kupatanisha ndoa. Nawaambia cha siku moja. Mume amempiga mke. Wazee wa pande mbili wamekaa kwenye viti, wanawake kwenye jamvi. Mume anaingia, anapiga magoti, anashika miguu ya mama mkwe, analia mpaka kamasi zinamtoka. Kikao kizima kinayeyuka. Shangazi anainuka kumletea glasi ya maji. Mjomba anampiga begani: nyamaza, mwanangu, mwanamume halii hivyo. Na binti aliyepigwa amekaa karibu na mlango, mtoto mapajani, ameuvuta ushungi ufunike shavu lililovimba. Hakuna aliyempelekea maji yeye.

Kisha anaulizwa: mwanangu, huoni mwenzio anavyolia, unataka akupe nini tena?

Nilisema siku ile kwamba aulizwe kwanza yeye ana maumivu gani, na kwamba mume aseme kwa kinywa chake alichofanya, kwa jina lake, na wapi atakaa mpaka tuamini. Nikaambiwa nina moyo mgumu. Binti akarudishwa. Mara ya pili hapakuwa na kikao. Tulikwenda kumwona wodini, na mkono wake wa kushoto haunyooki mpaka leo. Yule mume alilia tena, kwenye varanda ya hospitali, na bado walikuwapo waliomshika mabega.

Wajukuu zangu, mimi nasema watu wale walijifunza kulia hivyo mahali fulani. Moyo unafanya mazoezi. Ukiuzoesha kila usiku kumkimbilia anayelia kwa sauti na kumpita aliyenyamaza, siku ya kikao utafanya ulivyouzoesha. Nawe binti yangu, siku itakapokuwa wewe uliye karibu na mlango, utajikuta unamlilia aliyekupiga, ukijiuliza kwa nini huna huruma.

Nakuomba, usifike huko. Nakuomba kwa mapenzi niliyonayo kwako.

Hata dini zetu hazikuliacha jambo hili hewani. Masheikh wanafundisha kwamba anayetubu aache kosa, ajute, aazimie kutolirudia, na kama alikula haki ya mja, airudishe kwa mwenyewe au amwombe radhi yeye. Machozi hayakuwekwa badala ya hata moja katika hayo. Na Firauni, tunajua, alitamka imani maji yalipomfika kooni. Hakuitamka siku alipokuwa na jeshi nyuma yake na watoto wa watu wakichinjwa kwa amri yake. Ilikuja wakati hakuna tena cha kuacha.

Mjukuu wangu uliyelelewa kanisani utanikumbusha mwizi aliyesulubiwa pembeni ya Yesu, akajuta saa ya mwisho na kuahidiwa peponi. Vizuri, tumtazame. Mwenzake upande wa pili alitaka ateremshwe. Yeye alisema adhabu ile wanastahili, wanapata malipo ya matendo yao. Hakuomba kuteremka. Hakuomba waliokuwa chini wamlilie. Na aliyempokea ni mwenye uwezo wa kujua yaliyomo moyoni. Mimi na wewe, tuliokaa sebuleni, hatuna uwezo huo. Kusamehe kwa Mungu ni kwa Mungu, na kusamehe kwa aliyeumizwa ni kwa aliyeumizwa. Mtazamaji hana msamaha wa kugawa.

Shakespeare mwenyewe aliichunguza toba ya kila namna. Katika Hamlet, Mfalme Claudius aliyemuua ndugu yake anapiga magoti peke yake kusali. Anajiuliza kama anaweza kusamehewa huku angali na vitu vile vilivyomfanya aue, taji na mke wa marehemu. Anajua jibu. Anainuka, anabaki na taji, anabaki na mke, na baadaye anapanga kumuua na Hamlet, kijana wa marehemu. Katika Makbeth, ambayo Samuel Mushi alitutafsiria kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1968, muuaji anajuta mikono ikiwa bado na damu, anatamani aliyemuua angeamka kwa hodi inayopigwa mlangoni. Halafu anawatuma watu wamuue rafiki yake Banquo, kisha mke na watoto wa bwana mwingine, Macduff. Majuto yalikuwa ya kweli. Hayakumzuia kitu.

Hilo mlishike sana. Mtu anaweza kujuta kweli, akalia kweli, na bado akaendelea. Msidhani kazi ni kupima kama machozi ni ya uongo. Mengine ni ya kweli kabisa, na bado hayamfai aliyeumia hata chembe.

Je, basi Edmund asihurumiwe kabisa? Ahurumiwe, babu hajakataza. Alitaja amri, na angeweza kufa nayo moyoni. Alitoa upanga wake. Hicho ni kitu, na kiandikwe kwa jina lake. Huruma ni kama maji ya mtungini wakati wa kiangazi: wote wana kiu, lakini unaanza na nani, na unambakishia nani? Ukishampa aliyenyongwa, ukampa kipofu, ukampa mtumishi aliyetupwa jaani, na mtungi ukawa bado na maji, mpe na Edmund. Asikose. Ila asiwatangulie.

Na mtazameni mwandishi alivyofanya. Edmund anatolewa nje kufia huko, hatumwoni tena. Baadaye kidogo mtu anakuja kuleta habari kwamba amekufa. Albany, mtawala mwadilifu aliyebaki, anajibu kwamba hilo ni jambo dogo sana hapa. Kisha wote wanageuka kumtazama mzee aliyempakata binti yake, anayetafuta kama bado anapumua. Mwandishi amegeuza shingo zetu kwa nguvu, akatuelekeza pa kutazama. Laiti wanaotengeneza tamthilia zenu wangejifunza kwake hilo moja!

Nina hofu nyingine, na hii inanikosesha usingizi kuliko zote. Inahusu nyinyi wenyewe, siku mtakapokuwa mmeumiza mtu. Maana mtaumiza. Hakuna aliyeishi bila kuumiza.

Anayelia kila siku kwa ajili ya mwovu aliyejuta mwishoni anajifunza kimyakimya kwamba mwishoni kuna nafasi. Anasema moyoni, nitayaweka sawa. Nitamtafuta. Nitamlipa. Nikizeeka nitamwomba radhi. Anajiona tayari kitandani, ndugu wamemzunguka, sauti inakatika, wote wanalia, wote wamesamehe. Uso anaouona kwenye picha hiyo ni wake peke yake. Aliyemdhulumu hayumo, pengine kwa kuwa amekufa kwa dhuluma hiyohiyo.

Nimewazika watu waliokuwa na nia ya kuomba radhi. Nia ilizikwa nao. Watoto wa waliodhulumiwa walikuja mazishini wakasimama mbali kidogo na kaburi, wakatia udongo wao, wakaondoka na shamba lao likiwa bado kwenye mikono ya wengine.

Edmund alikuwa na muda, wajukuu zangu. Aliguswa, akautumia muda wake kusikiliza hadithi. Nanyi msikae mkinisikiliza mimi.

Kama yupo uliyemdhulumu, inuka uende leo kabla ya magharibi. Nenda peke yako, usichukue mtu wa kukuona unavyojuta. Ukifika usitangulize machozi, maana ukilia wewe kwanza atalazimika kukubembeleza, na hilo ni deni jingine. Sema ulichofanya kama kilivyokuwa. Rudisha kilicho chake, na kama hakirudishiki, muulize anataka ufanye nini, kisha ufanye hicho, usifanye unachokipenda wewe. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikwambia hajakusamehe, mwambie ana haki, na kesho yake endelea kulipa.

Nenda, mjukuu wangu. Chakula chako nitakufunikia.